Mamba wa Igombe na Tumbawe la Bagamoyo

Mto Igombe, upitao karibu na Ulyankulu katika safari yake ya kuelekea magharibi, hauna ujamaa wowote na Bahari ya Hindi. Maji yake huingia katika matete na mabwawa ya bonde la Malagarasi, yakafika Ziwa Tanganyika, yakatoka kwa mto Lukuga upande wa Kongo, na mwisho wa mwendo huo mrefu yakamwagika katika Bahari ya Atlantiki, ng'ambo ya pili ya bara. Kwa hiyo mamba alalaye katika matope ya Igombe, na tumbawe lililo chini ya maji mbele ya Bagamoyo, hawana mto wala bahari ya shirika baina yao. Na lau si miguu ya wanadamu, hasa miguu ya wapagazi wa Kinyamwezi walioshuka pwani na pembe za ndovu mabegani na kurudi na nguo na shanga, pasingalikuwa na sababu ya kuwataja viumbe hawa wawili katika makala moja.

Lakini miguu hiyo ilikuwapo, na ilikuwa mingi. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hata Unyanyembe, yaani nchi ya Tabora, na kutoka hapo hata Ujiji, ilikuwa katika karne ya kumi na tisa njia kuu ya biashara ya nchi hizi; wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipoingia Kazeh, ambayo ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, waliwakuta Waarabu wa Omani na Waswahili wamekwisha kujenga maskani yao na kuizoea nchi. Ulyankulu, iliyo kaskazini-magharibi ya Tabora, ikapata kujulikana mbali kwa sababu ya Mtemi Mirambo, aliyeweka makao yake Iselamagazi, na ambaye mwaka 1871 aliifunga njia ya Ujiji, akapigana na Waarabu wa Unyanyembe miaka kadhaa, na akaendelea kuogopwa na kuheshimiwa hata alipofariki tarehe 2 Desemba 1884. Watu wa nchi hii basi hawakuwa wageni wa pwani. Kwa Wanyamwezi wa zama hizo kubeba mzigo mpaka baharini kulikuwa ni mtihani wa uanaume, na kijana aliyekwisha kuuona mji wa pwani alirudi kwao na maneno ya kusimulia msimu mzima.

Aliyoyaona huko, pengine bila kuyajua, yalikuwa matumbawe. Nyumba za mawe za Bagamoyo, na msikiti na makaburi ya Kaole jirani yake yaliyojengwa karne nyingi kabla ya misafara hiyo, vyote ni tumbawe juu ya tumbawe, vikashikwa kwa chokaa iliyotokana na tumbawe. Mafundi wa zamani walilikata likiwa bichi chini ya maji, maana hapo huwa laini, wakalichonga upesi kabla ya kukauka, kisha likakazana kwa hewa na jua. Ndivyo ilivyochongwa mihrabu ya Kizimkazi, Unguja, yenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107 wa Miladi. Mapande yasiyofaa kwa nakshi yalipangwa juu ya magogo ya tanuu na kuchomwa mpaka yakawa unga mweupe. Mtu akisimama mbele ya ukuta wa namna hiyo, mahali lipu ilipobanduka, akasogeza uso karibu ya jiwe, ataona vitundu vidogo vilivyopangwa kwa hesabu, kila kimoja na vikuta vyake vyembamba vinavyoelekea katikati, mfano wa masega ya asali ya Tabora ambayo nyuki wamekwisha kuyahama. Kila kitundu kilikuwa nyumba ya mnyama mmoja aliyeishi humo, akala, akazaa, akafa.

Mawe hayo hayakuweza kubebwa hata Unyamwezi, wala hapakuwa na haja. Waarabu walipokaa Kwihara, karibu na Tabora, waliacha ujenzi wa pwani wakashika udongo na miti, wakajenga matembe yenye dari bapa. Lililobaki la kwao lilikuwa mlango wa nakshi. Lakini vito na mapambo ya bahari yalifika. Viwangwa, yaani visahani vyeupe vilivyokatwa katika kitako cha kombe la baharini ambalo makao yake ni miambani na kwenye matumbawe, vilining'inia vifuani mwa watemi wa bara kuwa alama ya cheo. Na zilifika shanga nyekundu za samesame, ambazo Burton aliziweka katika jamii ya shanga za marijani, akaandika kuwa watu wa bara walizipenda hata wakaacha chakula kwa ajili yake. Hapo pana kichekesho cha biashara ambacho sijui kama wapagazi walikijua: samesame hazikuwa marijani hata kidogo. Zilikuwa vioo vya Venezia, vyekundu juu na vyeupe ndani, vilivyofanyizwa kwa rangi ya marijani ya kweli ya Bahari ya Kati. Mwanamke wa Ulyankulu aliyejifunga samesame shingoni alikuwa amevaa sanamu ya mnyama ambaye yeye hajapata kumwona, wala mwenye kuuza, wala aliyeleta.

Nasema mnyama, na jambo hilo lilichukua muda mrefu kukubaliwa hata na wanazuoni. Wengine walilihesabu tumbawe kuwa jiwe, wengine mti wa baharini ugeukao jiwe ukipata hewa. Katika miaka ya 1720 tabibu mmoja wa Marseille, Peyssonnel, aliyakalisha marijani mabichi katika chombo cha maji ya bahari katika pwani ya Maghribi, akaona yale yaliyodhaniwa kuwa maua yakifumbuka na kufumba, yakinywea yanapoguswa, akatangaza kuwa ni wanyama. Wakubwa wa elimu huko Paris walimdharau, na ilipita miaka mingi kabla ya kauli yake kupewa haki. Leo haibishaniwi. Tumbawe ni jamii ya wanyama wadogo sana, aghalabu wa milimita chache tu kila mmoja, wenye kinywa kimoja kilichozungukwa na mikono yenye sumu ya kunasia vijidudu. Na ndani ya miili yao wamekaribisha mimea isiyoonekana kwa macho, ambayo kwa nguvu za jua huwapikia sehemu kubwa ya riziki yao. Mgeni humlisha mwenyeji, naye mwenyeji humpa mgeni makazi na jua. Kisha mnyama huyu hunywa chokaa iliyoyeyuka katika maji ya bahari, akaitoa chini yake ikiwa imeganda kuwa jiwe, na juu ya jiwe hilo akapanda yeye na uzao wake.

Mamba hakuwa na haja ya kubebwa ili afike Ulyankulu. Yupo katika mto Malagarasi, yupo katika mto Ugalla, na misafara ilipopita ilimkuta mahali pake. Msafiri Stanley, alipozibiwa njia na vita vya Mirambo mwaka 1871 na kulazimika kuzunguka kusini kwa njia ya Ugunda, alifika kwenye mto Gombe wa kusini, si Igombe yetu, akavutwa na utulivu wa maji, akavua nguo, akaiunganisha mikono yake tayari kujitosa. Ndipo kiwiliwili kirefu kikatokeza mahali hasa alipotaka kuangukia, naye akarudi nyuma akiwa na hekima asiyokuwa nayo dakika moja kabla. Siku si nyingi baadaye, katika kivuko cha Malagarasi, punda wake mmoja wa Kinyamwezi, aliyepewa jina la Simba, alikuwa akivutwa kwa kamba katikati ya mto wakati mamba alipomshika koo. Wapagazi wakavuta, na mamba akavuta, na Simba akazama asionekane tena. Aliyempa punda jina hilo alitarajia atishe nchi kavu. Mtoni mna sheria nyingine.

Habari za namna hii ndizo zinazodumu, na kwa ajili yake mamba hana wakili. Wakimbizi wa Burundi waliopewa makazi Ulyankulu mwaka 1972, ambao watoto na wajukuu wao ndio wengi wa wakazi wa huko leo, na ambao wamekwisha kuwa raia, walitoka katika nchi iliyo na hadithi yake kubwa ya mamba: yule wa mlango wa mto Rusizi, aliyepewa jina la Gustave na Mfaransa Patrice Faye, anayekisiwa kufika meta sita ingawa hakuna aliyepata kumpima kwa kamba. Hesabu ya watu anaosemwa kuwaua hufika mia tatu, nami naiona kuwa ni hesabu ya barazani. Lakini aliyepoteza mtoto mtoni hana haja ya mia tatu, mmoja humtosha, na yeyote aandikaye kwa huruma juu ya mamba imempasa aanze kwa kukumbuka wale wachotao maji kwa ndoo pasipo na bomba.

Hata hivyo mamba ana maisha yake ambayo hayahusu kula watu. Jike huchimba shimo katika ukingo wa mchanga, akataga mayai hamsini hivi, pengine pungufu, pengine zaidi, akayafukia, kisha akakaa karibu siku themanini au tisini, kwa muda mwingi bila kula, akilinda dhidi ya kenge, ambaye ndiye mwizi mkubwa wa mayai hayo. Wasemao kuwa katika msafara wa mamba na kenge wamo wamesema kweli kuliko wanavyodhani, maana huyo kenge yumo kwa sababu anasubiri mama apitiwe. Muda ukitimia watoto hulia wakiwa bado ndani ya maganda. Mama husikia, akafukua, na kwa meno yaleyale yaliyomvuta punda Simba akawainua watoto wenye urefu wa shibiri na zaidi, wachache wachache, akawapeleka majini bila kuwatia alama. Ikiwa yai limekataa kupasuka hulishika kinywani akalibinya polepole mpaka litoe ufa. Meno yale yaking'oka huota mengine chini yake, umri wake wote.

Tena mamba humeza mawe. Mwingereza Hugh Cott, aliyewachunguza mamba wa Uganda na Rhodesia ya Kaskazini na kutoa taarifa yake mwaka 1961, aliyakuta matumboni mwa karibu kila mamba mkubwa aliyempasua, hata katika mahali pa matope ambapo jiwe halipatikani ila kwa kwenda mbali kulitafuta, na uzito wake ulikaribia sehemu moja ya mia ya uzito wa mwili. Baadhi ya wataalamu husema ni ya kumsaidia kuzama, wengine husema ya kusagia chakula. Basi mmoja wa viumbe wetu wawili hufanya mawe, na mwingine huyatafuta na kuyameza.

Ulinganifu ulio mzito zaidi umo katika chokaa. Ganda la yai la mamba na mwili wa tumbawe ni madini ya namna moja kwa asili, ijapokuwa hayakuganda kwa umbo moja; na wote wawili, bila kukusudia, huandika miaka yao ndani ya sehemu ngumu za miili yao. Katika mfupa wa mamba mna miviringo, mmoja kwa kila mwaka wa kushiba na njaa, kiangazi na masika, ambayo wataalamu huihesabu ili kujua umri. Lakini kwa jike aliyekwisha kuzaa mara nyingi alama za ndani huweza kufutika, kwa kuwa mwili hurudi kwenye mifupa ukachota chokaa ya kufanyizia maganda, akawa mama anawavika watoto kwa kufuta tarehe zake mwenyewe. Tumbawe halifuti. Lile la umbo la jabali la mviringo huongezeka kiasi cha sentimita moja kwa mwaka, na kila mwaka huacha tabaka lake. Katika maji ya Malindi wataalamu walitoboa jabali moja la namna hiyo, wakatoa kinoo kirefu kinachosomeka tangu 1801 hata 1994, na ndani yake wakasoma joto la bahari la miaka 194, wakaona lilivyopanda na kushuka pamoja na zile hali za Bahari ya Pasifiki ambazo huitikisa mvua ya Afrika ya Mashariki. Tumbawe hilo lilikuwa hai likiweka tabaka mwaka Burton alipoingia Kazeh, likaweka jingine mwaka Mirambo alipofunga njia, na jingine alipokufa. Katika tumbawe jingine la huko huko, lenye umri wa miaka mia tatu hivi, walikuta bariamu ya udongo ulioletwa na mto Sabaki, na wakaona jinsi udongo huo ulivyoongezeka tangu mwanzo wa karne ya ishirini, walowezi walipoanza kulima na kufyeka nyanda za juu za Kenya. Mkulima wa Machakos amekwisha kuandikwa baharini. Mkulima wa Ulyankulu, kwa ajili ya mwendo wa Igombe, hakuandikwa.

Kwa ukongwe hakuna awezaye kumtangulia mwenziwe kwa mbali. Baada ya maangamizi makubwa ya viumbe yaliyotokea yapata miaka milioni 252 iliyopita, ndipo ilipozuka mbari iliyokuja kutoa mamba, na katika zama hizohizo yakatokea matumbawe ya mawe ya jamii hii tunayoiona leo. Mifupa ya baadhi ya mababu wa mamba imetoka katika ardhi yetu: bonde la Ruhuhu, kusini, limetoa wale wa kale sana, na bonde la Rukwa, ambalo si mbali na nchi ya Tabora, limetoa mamba mdogo aliyeishi yapata miaka milioni 105 iliyopita, mwenye miguu mirefu na meno ya kutafuna yanayofanana na ya paka, akaitwa Pakasuchus kapilimai mwaka 2010, kwa heshima ya Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Huyo alitembea nchi kavu, naye hakudumu. Aliyedumu ni yule aliyekubali kulala majini na kungoja.

Kungoja ndiyo ada ya mamba, na yaweza kumponza, kwa sababu mayai yake nayo hungoja, na joto la mchanga ndilo liamualo mtoto atakuwa nani. Likikaa baina ya digrii 31 na nusu na 34 na nusu, takriban, hutoka madume. Likipungua hapo au likizidi, hutoka majike. Hana kromosomu ya kumwamulia, ameliachia jua. Tumbawe nalo limewekewa mpaka mwembamba vivyo hivyo: maji yakizidi joto lake la kawaida la msimu wa jua kali kwa digrii moja tu, na hali hiyo ikadumu majuma kadhaa, mnyama huifukuza ile mimea iliyokuwa ikimlisha, akabaki mweupe, na joto lisipopungua hufa kwa njaa katika nyumba yake mwenyewe. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998 katika sehemu kubwa ya magharibi ya Bahari ya Hindi, Mafia na Pemba zikiwamo; ikarudi 2016, na tena 2024. Mamba anaweza kuchimba kiota chake kijacho kwenye kivuli. Tumbawe halina pa kwenda.

Yako na madhara yasiyohitaji jua. Pwani walipiga baruti miambani ili wapate samaki wa siku moja, na walichoma matumbawe katika tanuu hata baada ya saruji kupatikana. Bara miombo imekatwa kwa ajili ya kuni za kukaushia tumbaku, ambayo ndiyo fedha ya Ulyankulu na Urambo, na udongo uliokosa mizizi huchukuliwa na mvua mpaka mtoni. Serikali imeweka sheria pande zote mbili: Chumbe ilihifadhiwa 1994, hifadhi ya bahari ya Mafia ikafuata 1995, na mwaka 2000 bonde la Malagarasi na Muyovozi, lenye kilomita za mraba 32,500, likawa la kwanza katika Tanzania kuingizwa katika mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu. Naona tofauti moja katika utii wa sheria hizo. Tumbawe tumelijua maiti, likiwa ukuta na chokaa na ushanga, na kwa hiyo si rahisi kumwaminisha mtu kuwa linakufa. Mamba tumemjua muuaji, na kwa hiyo si rahisi kumwaminisha mtu kuwa anastahili kuishi. Askari wa hifadhi ana kazi ngumu pande zote mbili, lakini yule wa mtoni ndiye anayepokelewa na msiba.

Nimesema viumbe hawa hawana maji ya shirika, na ni kweli, lakini tumbawe lina jamaa ambaye mamba wa Malagarasi anaweza kukutana naye. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Mjerumani Richard Böhm alikaa Kakoma na Igonda, kusini ya Tabora, akikusanya ndege na wanyama. Na mwaka 1883, alipofika Ziwa Tanganyika, aliona katika maji matamu yavuyavu dogo la mviringo, linalopitisha nuru, ambalo mwili wake ni wa mbari moja na tumbawe, kinywa kimoja na mikono ya sumu, ila halijengi jiwe. Wataalamu wa Ulaya walishangaa, kwa sababu jamii hiyo kwa wingi wake ni ya maji ya chumvi. Na mmoja wao, J. E. S. Moore, akachapisha kitabu kizima mwaka 1903 kudai kuwa Tanganyika lilikuwa zamani kidaka cha bahari kilichofungiwa bara. Dai hilo lilikataliwa baadaye, maana ziwa lilizaliwa kwa kupasuka kwa ardhi na halikuunganika na bahari kamwe. Yavuyavu lenyewe bado limo, na msimu fulani huonekana kwa maelfu karibu ya uso wa maji. Mamba hujipitia katikati yake, kwa kuwa halina nyama ya kumtosha mtu wala mnyama.